Tulisimama Upande wa Kwetu

Yaya Kavira,

Usikuwe na wasiwasi, tuko bazima. Jana, kule Kasese, tukiwa njiani kuenda Kampala, mvua ilitukamata, bwana yangu Kambale akasimamisha taksi upande wa kuume wa barabara, sawa vile tunafanyaka kwetu Butembo, kwenye magari inapitaka kuume. Tukaingia mbio bila kuuliza, tukalala usingizi. Lakini huku Uganda magari inapitaka kushoto! Kuamuka, tunaona mbele yetu mupaka wa Kasindi, mulango wa Congo: taksi ilikuwa inaturudisha nyumbani. Dereva akacheka mpaka machozi, akatupatia chai ya moto, akatutafutia gari ya Kampala. Miye, kuona milima yetu ngambo ya mutoni, roho ilitulia, kidogo nishuke nirudi kwetu.

Leo tumefika salama. Unikumbatiye batoto bangu benye niliachia weye. Ubaambie mama yabo njia ya kurudi anaijua muzuri: alisha kuijaribu.

Mudogo wako, Masika