Pampu Iliyozimika Kerende

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Hapa Kisaka tu wazima, mahindi yamekomaa, na kaka yako Chacha amepata mtoto wa kike. Unauliza ufanyeje na injini ya gesi hapo kiwandani kwenu, inayojizima bila sababu. Ya gesi siijui, ila nakumbuka moja ya dizeli.

Nikiwa binti nilipika kwenye mashimo ya dhahabu Kerende. Pampu ya kuvuta maji ilizimika kila baada ya saa moja, maji yakapanda, wachimbaji wakatoka mbio. Fundi Marwa aliifungua yote asione kitu. Wengine wakasema ni mkosi wa mwanamke kukaa karibu na shimo, niondoke. Niliumia, lakini nikabaki nikiitazama.

Ilipozimika tena, Marwa alifungua kifuniko cha tangi la mafuta. Nikasikia hewa ikiingia kwa nguvu. Akafunga, akawasha, ikawaka.

"Kila mara unaanza na kifuniko?" nikamuuliza.

"Lazima niangalie mafuta, dada."

"Basi leo kilegeze, usikikaze."

Ilinguruma mpaka jioni. Katundu ka hewa kwenye kifuniko kalikuwa kamezibwa na tope, hewa haikuingia tangini, mafuta yakashindwa kushuka. Marwa akakazibua kwa mwiba, kisha akawaambia wenzake, "Huyu haondoki."

Kwa hiyo kabla hamjaifungua tena injini yenu, angalieni mnachofanya kila mara kabla haijakubali kuwaka. Nilifurahi uliponiuliza mimi.

Bibi yako,
Ghati