Mtoto Niliyemnadi

Jumapili, Tunduma. Upepo wa Julai umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimekula ugali wenye mchanga na sikulalamika. Sina hata nguvu ya kulalamika.

Mwalimu mmoja wa Ihanda, msomaji wa blogu hii, ameniandikia: "Dada Tumaini, nipendekezee vitabu vya vijana kuhusu kujitambua, uonevu shuleni na ubaguzi." Zamani ningemjibu kabla chai haijapoa. Leo nimeshindwa.

Nina kabati la vitabu kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu. Vijana wa sekondari huja kuazima baada ya ibada. Nilitaka wachangamke, nikaiga mnada wetu wa mavuno, ule wa kunadi kuku na mikungu ya ndizi nje ya kanisa. Nainua kitabu juu, nakisifia weee, kisha namwita wa kukichukua na wote wanapiga makofi. Walipenda sana. Na mimi, nisiseme uongo, nilipenda kuliko wao.

Bwalya yuko kidato cha kwanza. Baba yake ni Mnyamwanga wa hapa hapa, mama yake ni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko alikolelewa na bibi yake hadi mwaka huu. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kibemba. Darasani wanamwita Mzambia, wanamwambia arudi kwao, na kwenye dawati lake anakaa peke yake. Hao hao wanaomcheka wana mashangazi Nakonde, na sukari ya chai yao imetoka Nakonde. Sukari ya Nakonde tamu, mtoto wa Nakonde mchungu!

Nikamtafutia kitabu. Riwaya ya msichana mweusi katika shule ya wazungu, nchi ya mbali yenye theluji. Mimi mwenyewe kilinitoa machozi. Siku ya kuazima nikakiinua juu kwa mbwembwe zangu zote.

"Hiki ni cha msichana anayebaguliwa kwa sababu ya alikotoka. Bwalya mwanangu, njoo, hiki chako!"

Makofi yakapigwa. Halafu kicheko.

Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao. Kuanzia Jumatatu yake shule nzima ikamwita Mnada. Mnada huyo anapita. Mnada, umenunuliwa bei gani?

Nilidhani namtetea, kumbe namnadi.

Leo mama yake, anayeuza vitenge sokoni, amenirudishia kitabu. Bwalya ameondoka, yuko kwa bibi yake, na shule hataki hata kuisikia. Nilipoanza kuomba msamaha akanishika mkono.

"Hana hasira na wewe, dada. Kitabu anakisifia. Ila kule nako wameanza kumwita Mtanzania. Sasa huyu mtoto akae wapi?"

Nimelia mbele yake, na yeye mwenye mtoto ndiye aliyenibembeleza. Aibu gani hii.

Baadaye nikafungua kitabu. Amekunja pembe ya ukurasa alioishia. Zilibaki kurasa chache afike pale mwanafunzi mmoja anapobeba begi na kuja kukaa na yule msichana dawati moja. Bwalya hakufika hapo. Si kitabuni, si darasani.

Mwalimu wa Ihanda, vitabu vipo, nitakutajia. Lakini nakusihi, usimkabidhi mtoto kidonda chake mbele za watu. Liache kabati wazi, kisha wewe jifanye una shughuli nyingine.

Kesho kukipambazuka navuka mpaka. Kitabu nimekiviringisha ndani ya kitenge, safari hii asikione mtu. Nitakaa na Bwalya nyumbani kwa bibi yake, nisiseme kitu, mpaka atakapokifungua mwenyewe. Na asipokifungua je?

Nitakaa naye tu.