Namba Mbili Alibaki Nje

Jumapili, 4 Februari 2018. Riyadh

Zamu kuanzia saa nane mchana. Nimefagia risasi za plastiki vyumba vyote sita, ndoo nzima. Usipozifagia watu wanateleza. Halafu nikavaa fulana nyekundu nikajificha nyuma ya mlango. Hiyo ndiyo kazi: mimi ni adui. Wateja wanakuja na bunduki za mchezo, wanaingia chumba kwa chumba kunitafuta. Mkataba wa ajenti wa Nairobi ulisema ulinzi. Mwaka wa pili huu. Sijalinda kitu.

Nimepigwa shingoni mara tatu. Wanaingia vibaya. Wote wanne wanarundikana mlangoni. Mlango ndio mahali pa kufia, lakini hapa mtu akifa anainua mkono, anatoka kunywa soda.

Jumanne, 6 Februari

Bosi amejua nilikuwa jeshini. Abu Rakan, mwenye ukumbi. Aliona picha kwenye simu yangu. Kuna mashindano Jeddah tarehe ishirini na nne, anataka nifundishe timu yake ya watu wanne. Nilitaka kukataa. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inaisha mwezi wa nne na yeye ndiye kafili, mdhamini wangu. Nikasema tamam, sawa.

Alhamisi, 8 Februari

Somo la kwanza. Kiarabu changu kibovu, nafundisha kwa mikono. Kabla ya kuingia, kata pembe ukiwa nje, polepole, uone nusu ya chumba bila kuonekana. Namba moja anaingia, anakwenda kona yake. Namba mbili anaingia nyuma yake papo hapo, anakwenda kona ya pili. Haangalii mwenzake anaangalia wapi. Kila mtu na kona yake. Ukiichelewa kona yako, mgongo wa mwenzako uko wazi.

Hiyo ya mwisho niliisema kwa Kiswahili. Hawakuelewa.

Namba mbili wao anaitwa Sultan. Ana miaka ishirini na sita, anasomea udaktari wa meno. Mpole. Anaogopa kupigwa usoni.

Ijumaa, 9 Februari

Ujumbe kutoka kwa Mwende. Mke wa Mutua, mwenzangu wa jeshini. Mjane wa Mutua, niandike vizuri.

Kumbe yuko Jeddah, mfanyakazi wa nyumbani, mwezi wa nane sasa. Namba yangu alipewa na mtu wa kwao Machakos. Ameandika: "Shemeji, wewe ndiye ulikuwa naye. Nataka kusikia kutoka kwako, si kwa jeshi." Ijumaa madam wake humruhusu kwenda kwa mama mmoja wa Kizanzibari mtaa wa Ruwais.

Sijamjibu. Nimefua nguo zote, hata zile safi.

Jumatano, 14 Februari

Nimeharibu. Tulikuwa tunarudia mlango wa chumba cha tatu. Namba moja akaingia, Sultan akasimama. Akaganda tu, bunduki imeelekea chini. Nikamshika kola nikamsukuma ndani mpaka akagonga ukuta. Nilikuwa napiga kelele, sijui lugha gani. Ukuta ni jasi, umepasuka.

Bosi akaja. "Hada li'ba, ya Wafula. Mchezo tu huu." Akasema nikirudia, halas, narudi kwetu.

Sultan hakunishtaki. Alisema yeye ndiye amekosea. Hilo limeniuma kuliko maneno ya bosi.

Ijumaa, 16 Februari

Niandike basi. Hakuna anayesoma hapa.

Somalia, mwaka 2012. Nyumba ya vyumba vitatu, kuta za udongo. Tulikuwa wanne. Mutua namba moja, mimi namba mbili. Akaingia, akaenda kulia. Kona ya kushoto ilikuwa yangu. Nikasikia mlio mmoja ndani. Miguu ikakataa. Aliniita kwa jina mara mbili. Wenzetu wa nyuma wakanisukuma kando wakapita.

Aliyempiga alikuwa kona ya kushoto.

Ripoti ilisema tuliingia pamoja. Niliweka sahihi.

Nimemwandikia Mwende kuwa Ijumaa ijayo nitakuwa Jeddah.

Jumanne, 20 Februari

Mazoezi mazuri. Nimemwomba Sultan radhi mbele ya wote. Akauliza kama mimi nikiwa vitani niliwahi kuogopa. Nikasema yalla, mlango wa nne.

Ijumaa, 23 Februari. Jeddah

Nyumba ya Bi Zuwena, Ruwais, ghorofa ya pili, joto la bahari. Aliletwa huku mtoto wa miaka minne mwaka wa mapinduzi, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa. "Karibu mwanangu, kaa hapo penye feni." Akakaa nami na Mwende, kwa heshima, tusibaki wawili.

Mwende amekonda. Amenisalimia kwa mikono miwili. Akauliza moja kwa moja.

"Shemeji, waliniambia hakuumia. Ni kweli?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri. Safari nzima ya basi niliutayarisha. Nikamwambia ukweli. Wote, mpaka sahihi.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Adhana ya alasiri ikapita yote. Halafu Mwende: "Miaka sita nimekuombea wewe kanisani. Kwa jina. Nilisema Mungu amlinde Wafula, maana alikuwa na mume wangu mpaka mwisho."

Akainuka akaingia jikoni. Nikataka kumfuata, Bi Zuwena akanizuia kwa mkono. "Mwache alie. Wewe nenda, mwanangu. Ushasema."

Jumamosi, 24 Februari. Jeddah

Mashindano. Tumekuwa wa tatu. Bosi amefurahi, amepiga picha na kila mtu.

Raundi ya mwisho nilikuwa nimesimama pembeni. Namba moja akaingia na Sultan akafuata. Hata sekunde haikupita. Akaenda kona yake, akampata mtu hapo hapo. Alipotoka alinikumbatia, jasho tupu. Nikamwambia vizuri sana. Nikaenda chooni nikafunga mlango nikakaa.

Alhamisi, 1 Machi. Riyadh

Mwende kimya. Picha yake haionekani tena kwenye simu yangu; ameiondoa, au amenizuia. Nimemwambia bosi sitaki tena kufundisha, nirudi kufagia na kuwa adui. Ameshangaa. Hakukataa. Ya ikama hakusema, nami sikuuliza.

Ijumaa, 9 Machi

Bi Zuwena alipiga simu asubuhi. Mwende anataka niandike yote kwa karatasi, kama nilivyosema, na yale ambayo hakuyasikia kwa sababu ya kulia. Asitumiwe kwa simu, madam huikagua. Nikauliza kama amesema kitu kingine. "Hajasema, mwanangu. Mimi sitakutungia."

Nimekwenda mtaa wa Batha, nimekaa hoteli ya Wasudani, nimeandika kurasa nne. Chumba, saa, nani alisimama wapi. Aliniita vipi. Msamaha sikuomba. Ningeuomba, ningempa jambo jingine tena la kujibu.

Kuna Mkenya anaendesha basi la Jeddah. Nimempa bahasha na namba ya Bi Zuwena. Ameiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Limeondoka saa tisa. Nimesimama pale mpaka jingine likaingia nafasi yake, watu wakaanza kushusha mizigo.