Maumivu Yasiyovimba

Jumatano, 2 Mfungo Tano

Wewe kiuno, huna adabu. Jana nimekukanda kwa mawese ya moto, nimekufunga kitambaa, nimekulaza juu ya mikeka miwili, na alfajiri unaniamsha kwa teke kama punda. Umelelewa na nani?

Nimeswali nimeketi. Mlango umefungwa. Zena alidhani bado nimelala.

Maumivu leo: kiuno, bega la kulia, vidole vyote. Mwaka wa tisa huu. Hayavimbi. Hayatoi usaha. Nimekunywa kombe mpaka nikadhani nitatema zafarani. Nimepigwa chuku ya kutoa damu mgongo mzima. Mganga wa kijiji cha Kizuka alikula kuku wangu wawili akasema ni upepo. Upepo gani unaokaa miaka tisa?

Samaki wa juzi, ndagala, wamekauka. Zena amewaanua. Nimemkemea, anainama vibaya na tumbo lake la miezi sita. Mimba mbili zimeshamtoka huyu mjukuu wangu. Hii ya tatu naichunga kama jungu la maziwa. Mumewe yuko Ujiji na mizigo ya watu, hatarudi kabla ya mvua. Nyumbani tumo wawili. Na huyo wa tumboni.

Alhamisi, 3 Mfungo Tano

Mpiga mbiu amepita. Amri ya Wadachi. Vichaka na matete ya pwani yote vifyekwe, kutoka hapa Rumonge kwenda Minago, kwa sababu ya mbung'o wanaoleta malale. Kila nyumba itoe mtu mzima mmoja, siku tatu kila juma, kuanzia Jumatatu. Nyumba isiyotoa mtu, paa litashushwa.

Anayesamehewa ni mwenye kibao. Ni kipande cha mti chenye namba, kinavaliwa shingoni. Anakitoa daktari wa kambi ya malale. Mwenye kibao hafanyi kazi, nyumba yake haidaiwi mtu, na kila Ijumaa anapewa unga na chumvi.

Nilicheka. Mimi, Mwamini, nivae kibao shingoni kama mbuzi wa sokoni.

Kisha nikaacha kucheka. Mimi siwezi kushika panga. Basi atakwenda Zena.

Jumamosi, 5 Mfungo Tano

Nimekwenda kwa daktari. Nilianza kujitayarisha alfajiri. Nikaoga, nikatia wanja, nikajifukiza udi, nikavaa doti ya kanga aliyoniachia marehemu mume wangu. Mtu haendi mbele ya mkubwa na magamba ya samaki kwenye nguo. Mama yangu angetoka kaburini anipige. Njiani nilisimama mara nne nikijifanya naangalia ziwa.

Kambini wagonjwa wamekaa chini, bandani, midomo wazi, wanasinzia. Nami nilisimama wima mpaka nikaitwa.

Daktari alinishika shingo akitafuta matezi. Hakuna. Akanivuta kope. Akanigonga goti kwa nyundo ndogo. Akasema kitu kwa Kidachi, karani wake akanigeuzia: "Bwana daktari anasema bibi huyu ana afya kuliko askari wake. Tena ananukia vizuri."

Nikasema naumwa miaka tisa. Karani akauliza wapi hasa. Kila mahali. Akasema hakuna nafasi ya kuandika kila mahali. Halafu akainama, akanong'ona: "Mama, ungekuwa na malale ningekuandikia sasa hivi."

Nimeambiwa niugue ugonjwa mwingine.

Nimerudi nimenyooka, nikisalimia watu. Nilipofunga mlango nilianguka. Nikalala palepale na kanga yangu nzuri mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 7 Mfungo Tano

Zena amekwenda kufyeka. Nilimfunga kanga mbili tumboni nikamwambia asikate visiki, akate majani. Kama kwamba msimamizi atamuuliza anataka kukata nini.

Nimegeuza ndagala kwa fimbo. Fimbo imeniponyoka mara tatu. Nimewatukana kunguru.

Amerudi jua likiwa chini. Miguu imevimba. Nimemkagua shingo na mgongo kama ninayetafuta chawa. Mbung'o wamemuuma mara nne. Amekula matonge mawili ya ugali na sombe la majani ya muhogo, akalala. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumanne, 8 Mfungo Tano

Amekwenda tena. Maumivu leo: sitaki kuandika maumivu.

Jumatano, 9 Mfungo Tano

Zena amerudishwa katikati ya siku. Mwanamke wa kijiji cha Gatete, simjui, amemshika mkono njia nzima. Kanga ina damu. Kidogo. Yule mwanamke alisema amahoro, salamu ya kwao, akageuka kurudi kazini kabla sijamshukuru.

Mkunga amekuja. Amesema mimba ipo. Amesema pia kwamba Zena akishika panga tena, yeye asiitwe.

Nimemlaza, miguu juu ya gunia. Nimemkaripia atulie. Naogopa. Neno hili naliandika hapa ili nisiliseme mbele yake.

Alhamisi, 10 Mfungo Tano

Nimekwenda kwa akida. Ni mtu wa mrima, amekuja huku na Wadachi, anajua sana kukunja kilemba. Nikamwambia habari ya Zena. Akasema mimba si ugonjwa, wanawake wa huku wanazaa shambani. Nikamwambia mama yake naye alimzaa shambani, ndiyo maana hakufundwa. Wazee waliokuwapo walicheka. Yeye hakucheka. Kosa langu. Mdomo huu.

Hata hivyo alinipa njia, kwa ugonjwa wangu mimi. Nimletee shahidi mmoja, asiye wa damu yangu, aliyeniona kwa macho yake nikishindwa. Akiwepo, ataniingiza yeye mwenyewe kwa daktari Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijaanza. Asipokuwepo, Zena arudi pwani siku hiyohiyo au paa lishushwe.

Shahidi mmoja. Nimerudi nimefurahi. Mji mzima unanijua.

Ijumaa, 11 Mfungo Tano

Nimezunguka baada ya sala.

Mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani: "Wewe, Bi Mwamini? Wewe unaumwa? Si juzi tu umemfukuza mbwa wangu mpaka majini!" Nilirusha jiwe moja. Hakuona kwamba mkono haukuinuka tena siku tatu.

Muuza chumvi: "Mama, wewe utatuzika sisi wote, na utatukemea tukiwa ndani ya sanda."

Mwenye michikichi, jirani wa juu, alidhani namtania. Akanipa papai niende nalo.

Hakuna hata mmoja. Miaka tisa nimefunga mlango. Nimeswali ndani, nimelia ndani, nimetoka nje nimenyooka. Nimefanya kazi hiyo vizuri mno.

Yupo mmoja aliyeona. Leo sitaki kuandika jina lake.

Jumamosi, 12 Mfungo Tano

Ni Tatu, mke mwenzangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa matete. Huu mwaka wa nne hatujasemezana.

Mume wetu alipokufa, sote wawili tulikuwa edani. Asubuhi moja Tatu aliingia chumbani kwangu na bakuli la uji, bila hodi. Akanikuta sakafuni. Natambaa kwa mikono na magoti kwenda chooni, kanga imenivuka mwilini. Hakucheka. Aliweka uji chini akataka kuniinua.

Mchana ule, mbele ya wanawake wote wa matanga, nilisema kwamba Tatu ni mjakazi, alinunuliwa kwa fuko la chumvi, na mjakazi haingii chumbani kwangu bila hodi. Nililisema ili siku akisimulia alichokiona, watu waone ni kinyongo chake.

Hakusimulia. Miaka minne nimengoja asimulie. Hilo limenikasirisha kuliko kama angesema.

Leo nimefika mpaka kwenye ua. Nikarudi.

Jumapili, 13 Mfungo Tano

Nimekwenda.

Tatu alikuwa anachambua ngazi, zile kokwa za michikichi, mikono myekundu mpaka viwiko. Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. "Ee! Leo jua limetokea ng'ambo?"

Nikasema nina shida.

"Iko shida. Na mujakazi atafanya nini na shida ya waungwana?"

Nikasema neno lile lililetwa na aibu yangu, si asili yake. Nikasema anisamehe. Akaendelea kuchambua. Kokwa moja, kokwa ya pili, kokwa ya tatu. Kisha: "Sema tena. Dada yangu iko nyuma ya nyumba, hakusikia."

Nikasema tena kwa sauti. Nilitamani kumpiga na kikapu chake. Huko nyuma ya nyumba mtu akacheka.

Nikamweleza habari ya Zena na ya Jumatatu. Hapo aliacha kazi. Akafuta mikono. Akasema: "Nitakuja. Si kwa ajili yako, usivimbe kichwa. Ile mutoto ya Zena ni damu ya mume wangu pia. Na kesho usipake wanja, mama. Kuja vile ulivyo."

Sijui nilivyo. Nimesahau.

Jumatatu, 14 Mfungo Tano

Nimeandika hii nimelala kwa ubavu. Herufi zimepinda, zibaki zimepinda.

Daktari mezani, karani pembeni, akida na kilemba chake. Nyuma yetu watu wa kufyeka na mapanga yao, wanangoja kuhesabiwa. Tatu akasema yote. Jinsi nilivyotambaa. Jinsi kanga ilivyonivuka. Jinsi anavyonisikia kupitia ua wa matete nikiukemea mgongo wangu alfajiri, kila siku ya Mungu, miaka yote hii. Hilo la mwisho sikulijua. Watu walisikiliza kama wako chuoni. Mke wa mwalimu alikuwapo.

Karani akageuza maneno kwa Kidachi. Daktari akanitazama. Nami nimesimama wima kama nguzo ya msikiti. Miguu ilisimama yenyewe, imezoea. Akatikisa kichwa akafungua kitabu cha watu wa kufyeka.

Tatu akanigeukia. "Mwamini, keti chini."

Nikamwambia siketi mavumbini.

"Keti kama unavyokaa kwako, mama! Heshima yako itaua mutoto."

Nikaketi mavumbini, na doti yangu. Karani akasema: haya, simama.

Niliweka mkono chini. Mkono ukakataa. Nikaweka wa pili. Nikapiga magoti, kiuno kikashika, sikwenda juu wala chini. Nguzo ya banda ilikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa. Nikatambaa. Mbele ya mji mzima, nikatambaa kama mtoto, nikaikumbatia nguzo, nikajivuta juu.

Tatu hakunisaidia. Alisimama palepale, mikono nyuma, akaacha waone. Aliyelia ni yeye. Mimi sikulia.

Nimepewa kibao. Namba ya Kizungu, siwezi kuisoma. Akida akasema kwa sababu ya kibao hiki nyumba yangu imefutwa kitabuni, Zena asiende. Karani akaongeza kwamba kila mwezi ukiandama nirudi waniangalie, kama bado.

Kama bado nini?

"Kama bado unaumwa, mama."

Nikauliza kama kila mwezi nitatambaa. Akaangalia wino wake. Akasema ndiyo.

Jumatano, 16 Mfungo Tano

Siku mbili sijainuka. Zena pia amelala. Tumelala kama ndagala mchangani, mmoja huku mmoja kule. Damu imekoma tangu Jumamosi. Tatu amepika. Chumvi nyingi. Nimemwambia. Amesema nyanyuka upike.

Ijumaa, 18 Mfungo Tano

Nimekwenda kambini kuchukua unga. Kibao nilikificha chini ya kanga. Mgawaji akasema hakioni, nikitoe nje. Nikakitoa. Muuza chumvi aliniona, akanipa salamu ya chini, ile wanayopewa wagonjwa. Heri angenitania.

Unga una wadudu. Nimemwambia mgawaji kwamba kwetu unga wa namna hii hatuwapi kuku. Akanijazia kutoka gunia jingine.

Jumatatu, 21 Mfungo Tano

Maumivu leo: kidogo sana. Nimefagia ua. Nimesonga ugali mwenyewe. Ingekuwa zamani ningefurahi.

Leo nimejikuta nahesabu siku zilizobaki mwezi kuandama. Nikiamkia vizuri siku hiyo, je? Nikisimama mara moja tu bila nguzo, wanakichukua kibao, na Zena atakuwa wa miezi saba. Kiuno kimeniadhibu miaka tisa, sasa naogopa kisinisaliti kwa kupona. Nimekasirika kutwa nzima na sikujua nimkasirikie nani. Nimemkasirikia Tatu, yuko karibu.

Ijumaa, 25 Mfungo Tano

Mvua ya kwanza, ndogo. Tumeingiza ndagala mapema. Ziwa limetulia baadaye, milima ya ng'ambo imeonekana.

Mtoto wa Zena anapiga teke. Zena aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni. Vidole vinauma lakini teke nimelisikia. Huyu atakuwa mkorofi. Vizuri.

Tatu ameingia alfajiri na uji, bila hodi. Alinikuta sakafuni. Safari hii aliketi kando yangu, akaninywesha kwanza, kisha ndiyo tukainuka.

Mwezi utaandama siku nne tano hizi. Nitakwenda bila wanja. Nikiweza kusimama, nitasimama, na nitawaambia kwamba juzi sikuweza na keshokutwa sitaweza, na sasa mashahidi ninao. Ndiyo maana watu wa mji wanatakiwa waone, wote, siku mbaya na siku nzuri.

Kuanzia kesho mlango wa mbele usifungwe asubuhi. Zena auache wazi, na mtu akipita nami niko chini, asikimbilie kunifunika.