Baba Alikuita Mara Mbili

Steshenari ya Stendi,
S.L.P. 416,
Korogwe.

9 Juni 2025

Mpendwa kaka Yordani,

Shikamoo. Hujambo huko Mpanda? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimepoa? Sisi huku ni wazima wa mwili, ila moyo wangu umevunjika na sioni wa kumwambia isipokuwa wewe. Naandika kwa mkono, usicheke mwandiko. Sitaki mashine yoyote iguse barua hii.

Ulifika kijijini kwetu Mazingara siku ya tatu baada ya kumzika baba. Ukasimama kaburini, ukarudi Segera kupanda basi bila hata kuniaga. Nilikuona kwa mbali ukiondoka na begi lako. Iliniuma, kaka, inaniuma mpaka sasa.

Najua unavyoniwazia. Mwaka ule ulipouza cherehani ya marehemu mama na baba akakufukuza, mimi nilikuandikia kwa jina lake kwamba amekusamehe. Ukafunga safari, ukakuta mlango umefungwa. Kosa lile ni langu na sijawahi kulikana. Lakini barua ya Aprili, ile ya kukuita nyumbani, haikuwa yangu.

Baba aliichapa mwenyewe, hapa dukani kwangu, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, maana kiharusi kilikuwa kimeuchukua wa kulia. Nilitaka kumchapia, akakataa. “Wewe Yasinta kaa mbali,” aliniambia, “barua zako mwenzio keshazijua.” Ilimchukua siku nne.

Sasa nisikilize. Kwenye kompyuta nina makro. Ni amri nilizozipanga zikae pamoja, nikibonyeza kitufe kimoja zinasafisha waraka mzima. Ikram, fundi wetu, ndiye aliyenifundisha. Inaondoa nafasi zilizozidi, mistari mitupu, na neno lililochapwa mara mbili mfululizo. Walimu wananiletea mitihani iliyochafuka kila mahali, nabonyeza, wanabaki wameduwaa. Nilikuwa naringa nayo, unanijua.

Barua ya baba ilijaa maneno yaliyojirudia. Alikuwa akiinua kichwa kutazama kioo, akiinama anaandika lile lile tena. “Mimi mimi baba yako nimezeeka nimezeeka.” Niliona aibu ikufikie hivyo, watu wa Mpanda waseme mzee wetu amechanganyikiwa. Nikabonyeza. Nikahifadhi juu ya ile ile, nikaprinti. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani, basi akaweka dole gumba bila kusoma. Aliniamini.

Ukajibu kwa ujumbe: “Baba hajawahi kuniita mara moja. Hata ile ya uongo uliianza hivi hivi.” Halafu ukanifungia namba.

Nilikaa chini sakafuni, mbele ya wateja. Tangu ukiwa mdogo hukuwa mtu wa kuitika mwito wa kwanza, baba akazoea kukuita Yordani Yordani kwa pumzi moja, hata wageni wakadhani ndilo jina lako la ubatizo. Na ndivyo barua ilivyoanza, kaka. Niliyaona majina yote mawili kwenye kioo kwa macho yangu haya, nikadhani kidole kimeteleza.

Ikram alijaribu kuirudisha ile ya kwanza, akashindwa. Kwa hiyo ushahidi sina. Makro nimeifuta, mitihani naisoma neno kwa neno na walimu wananung’unika kwamba nachelewesha.

Baba sikumwambia umejibu nini. Kila siku aliuliza, nami nilimwambia Mpanda ni mbali. Jumatano ile asubuhi nilikuwa nikimnywesha uji, ikaja pikipiki ikasimama nje. Akageuza uso mlangoni, akasema, “Yordani Yordani.” Aliyekuja alikuwa muuza maziwa. Nikamwambia, “Ndiye, baba, anavua viatu.” Akatabasamu kwa upande ule mmoja uliobaki mzima. Uji hakuumaliza.

Huo ni uongo wangu wa pili juu yako, na huo siuombei radhi.

Shangazi Rosina anakusalimu sana, anasema shuka ulilosahau kwake analo. Mjomba Abraham wa Mashewa naye anakusalimu, mguu wake bado unamsumbua. Nisalimie wifi, na mwanao Catherine mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mwema na riziki.

Jambo moja sijawahi kukuambia. Mimi baba aliniita mara moja tu, siku zote, kwa sababu nilikuwa naitika. Nilikuonea wivu kwa lile jina la pili, na sasa mimi ndiye niliyelifuta. Kukuita hivyo haikuwa haki yangu, ilikuwa yake. Leo nakuomba uniazime mara hii tu, halafu sitarudia.

Yordani Yordani, njoo nyumbani.

Mdogo wako anayekupenda hata usipoitika,

Yasinta