Sahani ya Miss Carol

Alief, Houston

Mamangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, na kabla hujaniuliza, sisi sote wazima, alhamdulillahi. Wewe goti laendeleaje? Yule binti wa kukukanda bado yuaja, au mshagombana? Nakujua.

Mama, nina jambo limenikaa kooni, na sina wa kumwambia ila wewe, maana wewe ndiye uliyenifunza mambo ya bakuli.

Wamkumbuka Miss Carol, bibi wa Kizungu wa nyumba ya pili, niliyekuonyesha kwenye simu akimwagilia maua? Amehama. Tulipokuja mtaa huu, safu yetu karibu yote ilikuwa wazee wa Kizungu kama yeye. Mmoja mmoja wakauza, wakaenda. Sasa kulia kwangu kuna Wavietnamu, mbele watu wa El Salvador, na pembeni Wanaijeria wawili wasiosemezana. Redioni wanasema kaunti nzima inabadilika hivi. Wako wanaofurahi na wako wanaonuna. Mimi nilifurahi, nisikufiche. Kila lori la kuhamia likija nilichungulia dirishani nione kama atashuka mtu aliyejifunga kanga.

Ramadhani yetu ya kwanza hapa nilimpelekea Miss Carol bakuli la kaimati. Kesho yake likarudi limesuguliwa linang'aa, tupu. Nikasema hajui, nikampelekea biriani. Likarudi tupu tena. Kwetu bakuli la jirani halirudi hivyo, hata kama huna kitu utatia sukari kidogo. Mume wangu Salim akanicheka: "Rukia, usi-take personal. Hawa hawana hayo mambo ya bakuli." Sikusikia. Nikaona nimedharauliwa, nikaacha kumpelekea.

Miezi ikapita. Siku moja ya baridi akaja mwenyewe mlangoni na pai ya matofaa, ndani ya sahani ya kioo, jina lake limebandikwa chini. Kumbe hivyo ndivyo anavyorudisha yeye, kwa chombo chake na kwa wakati wake. Mimi nikapokea kwa jino pembe, na alipogeuka tu nikaitupa ile pai, nikihofu imetiwa mafuta ya nguruwe. Ulimi ninao, Kiingereza ninacho, na sikuuliza.

Na sahani haikurudi. Kuirudisha tupu niliona aibu, kuijaza nilikuwa nimenuna. Nikaisukuma kabatini nyuma ya masufuria.

Mwezi uliopita bintiye akaja kumchukua ili wakaishi pamoja huko mji wa Mansfield. Mimi niko jikoni napara samaki. Binti yangu Nasra akaita, "Mom, Miss Carol's leaving!" Nikamjibu namaliza huyu mmoja. Nilipotoka na magamba mikononi, gari lilikuwa limeshakata kona.

Nyumba imenunuliwa na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Jirani wa Kiswahili, Mama, niliyemwomba Mungu miaka yote hii! Mbio nikampelekea kaimati. Akanitazama: "Ah, ni weye? Ule bibi alinionesha mulango yako siku nilikuja kuangalia nyumba. Alisema ulikuwa unamuleteaka chakula, kisha ukaacha. Hakujua juu ya nini uliacha."

Kesho yake akanirudishia bakuli. Limeoshwa vizuri, na ndani hamna kitu. Nikacheka, kisha nikalia palepale mlangoni, yeye kasimama hajui amekosa nini. Nikamkaribisha ndani, tukanywa chai.

Nisalimie Shangazi Zuhura anayekupikia, na kakangu Omari fundi cherehani, mwambie picha za harusi nimezipata. Nisalimie na Bi Mwanaisha jirani. Mwambie mimi namkumbuka, na bakuli zake nazikumbuka.

Ile sahani nimeitoa kabatini. Leo asubuhi nimeiosha nikaijaza kaimati, na hapo ndipo nilipokumbuka kuwa Mansfield ni mji mzima na mimi nyumba siijui.

Ni mimi mwanao uliyemfunza,
Rukia