Tarehe ya Kuzaliwa ya Rukia

Mombasa, Jumanne

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaikum. Nijulishe kwanza goti la mama limefikia wapi, na kama bado anaukataa mkongojo. Mimi mwili ni mzima, moyo hautulii. Nakaa, nainuka; jana nilitembea kutoka Makadara hadi Buxton na kurudi, bila shughuli yoyote.

Ijumaa ni nikahi ya Rukia wangu, na niliahidi kufika Lamu Alhamisi. Sitafika, na kosa ni langu.

Unajua niliitwa hapa kusaidia kuhamisha faili za usajili wa vizazi kutoka kompyuta kuu ya zamani, niliyoitumikia ujanani, ziingie katika mitambo mipya, inayoitwa ya Unix. Kila mashine ina namna yake ya kuandika herufi, hivyo vijana wakazitafsiri faili zote. Majina yakatoka safi, nami nikatia saini kwamba zote ziko sawa. Saumu, fundi wao mkuu, akasema, "Mzee, kapande basi ukaozeshe."

Jana akaniita huku akicheka. "Babu, njoo umwone mtoto aliyezaliwa mwezi wa thelathini na saba! Mamake alichoka kweli."

Sikucheka. Tarehe hazikuandikwa kwa herufi. Nafasi katika mashine ilikuwa haba zamani zile, nikazibana mwenyewe, tarakimu mbili katika nafasi ya herufi moja, wala sikuwaambia vijana. Zikitafsiriwa kama herufi, zinaharibika. Kanda za kompyuta ile ya zamani, zenye tarehe sahihi, zitateketezwa Jumamosi.

"Tuandikie ulivyozibana, kisha uende," Saumu alinisihi. Nimeandika mara tatu, nikakosea mara tatu. Faili za kila mwaka zina mpangilio wake, nami huukumbuka nikiuona tu.

Shekhe amesema simu haitoshi, anataka maandishi. Basi: mimi, baba yake Rukia, nakuwakilisha wewe, ndugu yangu, umwozeshe binti yangu kwa mume aliyemridhia. Imamu wa mtaani na bawabu wa ofisi wametia saini ya ushahidi nyuma ya karatasi hii. Yatamke maneno taratibu. Usiyameze kama kawaida yako.

Nisalimie mama, mkeo, na mwalimu wetu wa chuoni.

Mwambie Rukia hivi. Leo tuliposoma upya faili za mwaka aliozaliwa hapa, jina la kwanza nililolitafuta ni lake, kwa kuwa tarehe yake naijua bila shaka. Ikatoka sawasawa: siku, mwezi na mwaka. Zimebaki za miaka mingine. Lakini nilikaa kitini nikaitazama, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuinuka.

Kaka yako,
Salimu